Puducherry wakati wa Pongal: safari ya pembeni tukitokea Chennai

Januari 2025 nilikuwa Chennai, kusini mwa India, nikimuuguza mjomba wangu, aliyewekewa kifaa cha kupanua mshipa wa moyo. Aliyewahi kupeleka mgonjwa kule anajua mambo yalivyo. Matibabu yenyewe yalichukua saa chache tu, kinachochosha ni kungoja. Unakaa chumba cha kupanga karibu na Greams Road, sufuria mbili, dirisha linatazama ukuta wa jirani, na kwenye faili imeandikwa tarehe ya kurudi kliniki. Yetu ilikuwa tarehe 20. Hapo katikati ilikuwa inaingia Pongal, sikukuu ya mavuno ya Watamili, na ofisi nyingi zinafungwa. Nikamuuliza daktari kama mzee anaweza kutoka mjini. Akasema aende, atembee asubuhi na jioni, asipande ngazi ndefu, asikose dawa.

Puducherry, koloni la zamani la Wafaransa kusini mwa Chennai, niliichagua kwa ajili yake. Mjomba ni fundi seremala wa Tanga. Wakati ule alikuwa amestaafu, lakini umri wake mwingi umepita kwenye milango, madirisha na roshani za nyumba kongwe za katikati ya mji, zile za Wahindi na zile walizoacha Wajerumani. Nyingi kati ya hizo amezishuhudia zikianguka. Nilitaka aone mji mwingine wa pwani wenye nyumba za aina hiyo, ambao bado unahangaika nazo. Haya nimeyaandika baada ya kurudi nyumbani, kutoka kwenye daftari na picha za simu.

Jumatatu, 13 Januari: barabara ya pwani

Siku ya kuamkia Pongal inaitwa Bhogi. Alfajiri watu huchoma vitu vichakavu mbele ya nyumba zao, mikeka iliyooza na nguo kuukuu, na watoto hupiga vingoma vidogo. Tulipotoka saa kumi na mbili unusu, moshi ulikuwa umetanda barabarani mpaka Mjomba akajifunika pua kwa leso.

Tulipandia basi Thiruvanmiyur, kusini mwa jiji, inakoanzia barabara ya pwani ambayo kila mtu anaiita ECR. Kawaida Puducherry ni kama kilomita 150, saa tatu na nusu au nne. Siku ile Chennai nzima ilikuwa inarudi vijijini. Mabasi mawili yalipita yamejaa mpaka mlangoni. La tatu liliposimama, kijana mmoja mwenye begi la chuo alimuona Mjomba ameshika kifua, akaweka mkono mlangoni kuzuia watu, akapaza sauti kwa Kitamili, na njia ikapatikana. Ndani, mama mmoja akampakata mwanawe ili mzee akae. Mimi nilisimama mpaka baada ya kituo cha ushuru cha Uthandi. Nauli ilikuwa rupia 180 kwa mtu. Siku zile rupia moja niliihesabu kama shilingi 29.

Foleni ilitukalisha karibu saa mbili kabla hatujatoka Chennai. Baada ya hapo barabara ilifunguka. Mahabalipuram tuliipita kando. Pale kuna hekalu la mawe la ufukweni lililojengwa na wafalme wa Pallava katika karne ya nane, ila ukiwa ndani ya basi huambulii kitu. Marakkanam ndiko Mjomba alikoamka. Pande zote mbili za barabara ni mashamba ya chumvi, mabwawa madogo ya mraba yenye kingo za udongo, na watu wanakokota chumvi kwa reki za mbao ndefu. Mashamba kama hayo tunayo pwani yetu, na mzee alijua mara moja kuwa kazi ndiyo kwanza imeanza, kwa sababu marundo yalikuwa bado mafupi.

Tulishuka saa nane na nusu mchana. Bajaji za Puducherry hazitumii mita, patana kabla hujakaa. Tulilipa 150 mpaka nyumba ya wageni upande wa Watamili. Chumba chenye vitanda viwili, choo ndani, feni na maji ya moto, kilikuwa rupia 1,800 kwa usiku. Ng'ambo ya mfereji, upande wa Wafaransa, cha bei ya chini nilichoulizia kilikuwa 5,000.

Kwa atakayekwenda: nyumba za wageni India hutakiwa kuandikisha kila mgeni wa nje kwa maofisa wa uhamiaji, na baadhi ya zile ndogo hazipokei wageni kwa kukwepa usumbufu huo. Piga simu kwanza, uwaambie una pasipoti ya Tanzania na viza ya aina gani. Sisi tulikuwa na viza ya matibabu na ya msindikizaji, na hakukuwa na shida. Kubeba noti ni lazima. Wenyeji hulipa kila kitu kwa kuskani kwa simu, hata kikombe cha kahawa, lakini mfumo huo kwa kawaida unahitaji benki ya huko, na wauzaji wadogo wengi hawana chenji ya noti ya 500.

Jioni tulitembea ufukweni. Barabara ya mbele ya bahari, Goubert Avenue, hufungwa kwa magari kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka asubuhi, na mji mzima hutoka. Bibi na wajukuu, wanawake wenye maua ya asmini kichwani, maofisa wanaofanya mazoezi kwa viatu vyeupe. Mchanga ni kidogo sana. Sehemu kubwa ya ufukwe huu ililiwa na mawimbi baada ya bandari kujengwa upande wa kusini mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa sababu kuta zake zilizuia mchanga uliokuwa ukisafiri na mkondo. Mahali pa mchanga pamepangwa mawe meusi makubwa, na wewe unakaa juu ya mawe. Upepo ulikuwa mzuri. Mjomba alitembea mpaka kwenye sanamu ya Gandhi na kurudi, bila kusimama kupumua. Hilo nililiandika kwenye daftari na kulipigia mstari.

Jumanne, 14 Januari: Pongal

Saa kumi na mbili asubuhi mtaa wetu ulikuwa umeshachorwa. Kila mlango una mchoro wake chini, uliochorwa na wanawake kwa unga, na siku ya Pongal huongezwa rangi: vyungu vinavyofurika, mabua ya miwa, tausi, jua. Mistari hupita kwenye nukta zilizopangwa kwanza, na mkono haunyanyuki mpaka mzunguko ukamilike. Tulipita kandokando ya barabara tusivikanyage.

Mtaa wa Vysial ndio uliotushika asubuhi nzima. Nyumba zake nyingi ni za Kitamili cha zamani. Mbele kuna baraza ya kukalia iliyofunikwa na paa la vigae, limeshikiliwa na nguzo za mbao. Nyuma ya mlango mkuu kuna ukumbi, kisha ua wa ndani uliowazi juu, hewa na mwanga vinaingia hapo. Mtu wa Tanga, Mombasa au Lamu hahitaji kuelezwa. Mjomba alikaa kwenye baraza ya kwanza aliyoiona, akapapasa ubao wa mlango kwa kiganja. "Mjomba," akaniita, maana kwetu mjomba na mpwa tunaitana hivyohivyo, "huu mtiki haujawahi kupigwa rangi. Umepakwa mafuta tu, mwaka hadi mwaka."

Mtaa huu ulitengenezwa upya kwa ushirikiano wa wakazi, serikali na shirika la urithi la India, INTACH, na mwaka 2008 ukapata tuzo ya urithi ya UNESCO ya Asia na Pasifiki. Nyuso za nyumba zilirudishwa chokaa, baraza zilizokuwa zimezibwa zikafunguliwa. Nilichokipenda ni kwamba watu bado wanaishi humo. Nguo zimeanikwa, redio inalia.

Mwenye baraza tuliyoikalia, mama wa makamo aliyevaa sari mpya ya kijani, alitoka na badala ya kutufukuza akatuita uani. Chungu kilikuwa juu ya matofali matatu, kimefungwa jani la mmea wa manjano shingoni, na maziwa yalikuwa yanakaribia mdomo. Familia nzima ilisimama kungoja. Yalipomwagika, wote wakapiga kelele "Pongalo Pongal!" na watoto wakagonga sahani kwa vijiko. Kufurika ndiyo baraka yenyewe. Kisha mchele, choroko na sukari guru vikaingia, mwisho samli, iliki, zabibu na korosho zilizokaangwa. Tulipewa kwenye jani la mgomba. Mjomba alikula kidogo kwa sababu ya samli, na mama yule, nilipomwonyesha kwa ishara habari ya moyo, aliondoka akarudi na ndizi mbili na glasi ya maji ya moto kwa ajili ya mzee. Watoto walikuwa wanamwita *thatha*, babu, na mdogo wao akamshika kidole mpaka tulipoaga.

Fedha hazikupokewa. Nilikwenda dukani nikanunua miwa miwili mirefu, nikairudisha pale mlangoni. Hiyo ilipokewa.

Jumatano, 15 Januari: ng'ambo ya mfereji

Siku ya ng'ombe. Pembe zimepakwa rangi nyekundu na buluu, shingoni mataji ya maua, na mmoja alisimama katikati ya barabara na bajaji zikamzunguka.

Mji wa zamani umegawanywa na mfereji unaokwenda kaskazini hadi kusini. Mashariki yake, kuelekea baharini, Wafaransa waliita Mji Mweupe. Magharibi, Mji Mweusi. Upande wa bahari bado wanauita Mji Mweupe, kwenye ramani na kwenye matangazo ya hoteli. Mitaa inakatana kwa mistari iliyonyooka, na mpango huo kwa kweli ulichorwa na Waholanzi waliouteka mji mwaka 1693 na kukaa miaka michache. Wafaransa walikuwa wameanza mwaka 1674 chini ya François Martin wa Kampuni ya Kifaransa ya Mashariki ya India. Mwaka 1761 Waingereza waliuteka, wakaubomoa karibu wote. Kwa hiyo nyumba unazopiga picha leo ni za baada ya hapo: kuta za manjano zenye kingo nyeupe, madirisha marefu ya luva, malango ya chuma, bogenvilia zimeangukia nje. Vibao vya mitaa ni vya buluu, Kifaransa na Kitamili. Polisi wamevaa kofia nyekundu za Kifaransa zenye juu bapa.

Wageni wengi huishia hapa. Mtaa wa Romain Rolland ulijaa vijana kutoka Chennai na Bengaluru wakipigana picha mbele ya kila ukuta wa manjano. Ni pazuri kweli, sikatai. Lakini kwa maoni yangu nusu ya mji unaostahili kuonwa iko ng'ambo ya pili, na anayelala na kula upande wa bahari tu anaondoka hajaiona.

Mbele ya bahari kuna jengo la Mairie, ofisi ya meya ya zamani, jeupe lenye nguzo. Linaonekana kongwe. Lile la asili, la karne ya 19, lilianguka mwishoni mwa Novemba 2014 baada ya mvua kubwa, na hili limejengwa upya kwa kufuata umbo lake, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, likazinduliwa mwaka 2021. Mjomba alisimama mbele yake kwa muda mrefu kuliko mbele ya jengo lingine lolote. Alitaka kujua walikuwa wameliacha bila kulitengeneza kwa miaka mingapi kabla ya kuanguka. "Jengo la chokaa haliuawi na mvua moja," akasema. "Mvua inamalizia tu." Kisha akanitajia nyumba tatu za Tanga, mtaa kwa mtaa, ambazo paa limeshafunguka na bado kuta ni nzima.

Kusini zaidi kuna sanamu ya Dupleix, gavana wa mwaka 1742 hadi 1754, mtu aliyetaka kuwafanya Wafaransa watawala wa India kusini. Nilimwambia Mjomba kwamba mtandao wa biashara wa Wafaransa katika bahari hii haukuishia huku. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa ambavyo leo ni Mauritius na Réunion. Meli zilizounganisha visiwa hivyo na Pondichéry, kama Wafaransa walivyoiita Puducherry, zilibeba vitambaa, mchele na watu. Mtu wa pwani yetu anapozitazama kuta hizi za manjano ana haki ya kuupenda ufundi wake na kukumbuka ulilipiwa na nini, vyote kwa pamoja.

Karibu na Gandhi kuna mnara wa kumbukumbu wa askari wa India ya Kifaransa waliokufa Vita ya Kwanza, uliozinduliwa mwaka 1938. Umezungushiwa uzio, na kila tarehe 14 Julai huwashwa taa. Kwetu Tanga wamelala askari wa India waliopigania Waingereza, waliokufa kwenye mapigano ya mwanzoni mwa Novemba 1914, na kikosi kimojawapo, cha Palamcottah, kilikuwa na jina la mji wa kusini zaidi katika nchi hiihii ya Watamili. Mjomba aliwahi kutengeneza geti karibu na makaburi yale. Tuliwasomea Fatiha wote, wa hapa na wa kule.

Mzee mmoja Mtamili aliyekuwa kwenye benchi alituuliza kwa Kiingereza tunatoka wapi. Baba yake alikuwa askari wa jeshi la Ufaransa, na yeye mwenyewe ana pasipoti ya Ufaransa. Wapo wengi hapa. Mji ulikabidhiwa kwa India tarehe 1 Novemba 1954, lakini kisheria mkataba ulikamilika tarehe 16 Agosti 1962, na wakazi walipewa nafasi ya kuchagua uraia. Ndugu mmoja akachagua huku, mwingine kule, chini ya paa moja. Alitueleza haya kwa utulivu, akamnunulia Mjomba kahawa ya maziwa kwenye kikombe cha bati, rupia 20, na akakataa katakata nilipe.

Mchana tulipumzika Bustani ya Bharathi, kwenye kivuli. Katikati kuna kijengo cheupe cha matao, Aayi Mandapam, kilichosimamishwa enzi za Napoleon III. Wenyeji husimulia kwamba Aayi alikuwa kahaba mwenye nyumba nzuri sana. Mfalme akipita aliisujudia akidhani ni hekalu, na alipojua ni ya nani akaghadhibika, akaamuru ibomolewe. Aayi akaomba aibomoe mwenyewe, na mahali pake akachimba bwawa la maji kwa ajili ya watu. Maji ya mji yalitoka kwenye bwawa hilo karne nyingi baadaye. Gavana kwenye sanamu nimemsahau sura, Aayi hapana.

Jioni tuliingia ashramu, makazi ya kiroho, ya Sri Aurobindo, mwalimu wa kiroho aliyekuja hapa mwaka 1910 akiwakimbia Waingereza, na ambaye pamoja na Mirra Alfassa wa Paris, wanayemwita Mama, ndio walioianzisha ashramu hiyo mwaka 1926. Wamezikwa pamoja uani, kaburi linafunikwa maua kila siku. Viatu unaacha ng'ambo ya barabara bila malipo, simu unazima, huongei. Kwa mgonjwa ni mahali pazuri pa kukaa.

Alhamisi, 16 Januari

Siku ya mwisho ya sikukuu familia zote hutoka matembezini, na ufukwe haukuwa na pa kuweka mguu. Tulibaki nyumbani, Mjomba akalala, nikafua.

Ijumaa, 17 Januari: korosho, sala na randa

Soko la Goubert limebanwa ndani kabisa ya mitaa ya Watamili, na njia yake ni vichochoro vya samaki, maua, mboga na vyuma. Nenda kabla ya saa nne. Upande wa maua wanauza kwa kupima mkono, asmini zilizosokotwa zinakunjwa kutoka kiganjani hadi kiwiko. Nilisimama kwa muuza korosho. Panruti, mji wa kubangua korosho, uko karibu, na nilipomwambia natoka Tanzania akacheka, akachukua konzi kubwa akanijazia kiganja. Alisema viwanda vya kwao hununua korosho ghafi zetu. Kweli, sehemu kubwa ya korosho ya Mtwara na Lindi huondoka na maganda yake kuja kubanguliwa huku. Kilo ya zilizobanguliwa ilikuwa rupia 950, yaani zaidi ya shilingi 27,000. Nilinunua robo. Nilizila nikiwa na uchungu wa moyo, kwa sababu najua mkulima wetu alipata kiasi gani.

Sala ya Ijumaa tulisali upande wa kusini, mtaa wa Waislamu. Khutba ilikuwa kwa Kiarabu na Kitamili. Imamu alimuona Mjomba anatafuta ukuta wa kuegemea, kiti kikaletwa bila neno. Tulipotoka, mwanamume mmoja wa makamo alitushika mikono akatupeleka kwenye mgahawa wa shemeji yake. Biriani ya huku ni ya mchele mfupi mwembamba wenye harufu, si ule mrefu, na inaliwa na kachumbari ya maziwa ya mgando. Sahani ya kuku rupia 160. Chakula cha mboga kwenye jani la mgomba kilikuwa 100 hadi 130, na unaongezewa wali mpaka ufunike jani. Vitumbua vya mvuke, idli, na chai ya asubuhi havikuzidi 60.

Tukirudi, kwenye kichochoro nyuma ya mtaa wa Vysial, Mjomba alisikia randa kabla mimi sijasikia chochote. Fundi alikuwa amekaa barazani, mbele yake ubao wa dirisha la luva umelazwa juu ya vigoda viwili. Tarehe 30 Novemba kimbunga Fengal kilitua karibu na mji huu, na mvua ya zaidi ya sentimita 45 ikanyesha ndani ya siku moja. Alama za maji bado zilikuwa kwenye kuta za mtaa, juu ya goti. Madirisha yalivimba, na tangu hapo mafundi wamekuwa na kazi.

Mjomba alisalimu kwa mkono kifuani, akaketi. Wale wawili hawakuwa na lugha moja ya kusemeshana, nami Kitamili changu ni salamu tu. Mjomba akaweka kidole kwenye kiungo cha mbao kilichooza. Fundi akatikisa kichwa kwa ile namna yao ya kukubali, akamwonyesha alivyoikata sehemu mbovu peke yake na kuchomeka kipande kipya, ulimi na shimo, bila msumari. Mjomba akafungua mkono wake wa kushoto, akamwonyesha kwa vidole namna sisi tunavyoikata ile ncha, mlalo zaidi, ili maji yasikae. Fundi akatazama. Akachukua penseli sikioni, akachora kwenye ubao wa taka. Mjomba akachora ya kwake pembeni. Wakaendelea hivyo, penseli ikihama, kama nusu saa. Watoto wawili walikuja wakasimama, kijana wa duka la jirani akaleta chai, akasema kwa Kiingereza kwamba fundi anauliza huyu mzee kafanya kazi hii miaka mingapi. Nikamuuliza Mjomba. Akasema tangu hajaota ndevu.

Kisha fundi akamgeuzia randa, mpini kwanza. Nilitaka kukataa kwa sababu ya kifua, Mjomba akaninyamazisha kwa jicho. Alipitisha randa mara mbili, taratibu, akatumia uzito wa mwili na si wa mkono. Unyoya wa mbao ukatoka mrefu, mwembamba, mzima. Fundi akauokota, akauinua kwenye mwanga, akasema neno moja ambalo kijana wa duka hakulitafsiri na wala haikuhitajika. Mtiki ule, tulipouliza, ulitoka kwenye nyumba iliyovunjwa, kwa sababu mpya ni ghali mno. Nikawaeleza kwamba nyuma ya Tanga, huko Longuza, Muheza, kuna msitu wa mitiki ya kupanda, na wanunuzi wa India hufika. Wakacheka wote.

Kwenye mji huu nimesoma habari za tuzo na miradi, na vina umuhimu wake. Lakini kinachozishikilia nyumba hizi ni mtu kama yule, anayekata sehemu iliyooza tu na kuiacha iliyo nzima, na mwenye nyumba aliye tayari kumlipa kila baada ya masika. Tanga mafundi wa aina hiyo bado tunao. Kazi ndiyo hawapewi, na vijana hawafundishwi, kwa sababu ukuta unaachwa mpaka ufae kubomolewa.

Jumamosi, 18 Januari: Auroville

Bajaji kwenda na kurudi, pamoja na kusubiri, rupia 800. Auroville ni makazi yaliyoanzishwa tarehe 28 Februari 1968 na yule Mama wa ashramu. Vijana kutoka nchi 124 walileta udongo wa kwao ukawekwa ndani ya chungu cha marumaru. Ardhi ilikuwa nyekundu, tupu, na sasa ni msitu walioupanda wenyewe. Hilo ndilo lililonigusa zaidi kuliko tufe la dhahabu la Matrimandir, lililokamilika mwaka 2008. Kibali cha kulitazama kwa mbali ni bure kituo cha wageni, kisha unatembea kama kilomita moja kivulini. Wazee wana gari, omba pale mapokezi. Kuingia ndani kunahitaji kujiandikisha mapema. Mjomba alilitazama kidogo, akaketi chini ya mbanyani mkubwa wa jirani mpaka muda ukaisha.

Jumapili, 19 Januari: kurudi

Basi la saa moja asubuhi, tulipata viti, saa nne tu mpaka Chennai. Kesho yake kliniki ilikwenda vizuri, daktari akaruhusu safari ya ndege.

Gharama zetu wawili, malazi, chakula, bajaji na mabasi, zilikuwa rupia 17,400 hivi, kama shilingi laki tano. Nje ya sikukuu zitapungua. Epuka Oktoba hadi Desemba kwa sababu ya vimbunga, na Aprili na Mei kwa sababu ya joto, hasa ukiwa na mgonjwa. Muulize daktari kwanza, beba dawa za siku mbili za ziada na nakala ya faili la hospitali. Hospitali kubwa ya serikali, JIPMER, iko mjini hapo, na dereva yeyote wa bajaji anaijua kwa jina hilo.

Mtu wa Tanga mwenye nyumba ya zamani inayovuja, na bado hajaamua kuiuza, anitafute. Mjomba amerudi kazini, asubuhi tu, na anachukua wanafunzi wawili.